Gorogoro na Efa: Masomo ya Wiki Hii

Masomo ya kila siku ya wiki hii yanahusu kipimo cha sokoni. Najua kuna atakayeguna. Tumezoea wiki ya ushindi, wiki ya kufunguliwa, sasa huyu anatuletea mkebe. Lakini Biblia imesema juu ya mizani mara nyingi kuliko tunavyohubiri, na sitaki turuke hapo.

JUMATATU. Walawi 19, soma mstari wa 13 hadi 18, kisha 35 na 36

Sura hii ndiyo yenye ile amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Wengi wetu tunafikiri ni neno la Agano Jipya peke yake, kumbe Yesu aliitoa hapa. Ukiendelea kusoma unafika kwenye mawe ya kupimia, efa na hini. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka. Wataalamu wengi huikadiria kuwa kama lita 22, yaani debe moja na kidogo juu. Shekeli ilikuwa jiwe la uzani, karibu gramu 11. Mwaka 2018 kulitangazwa huko Yerusalemu jiwe dogo lililochimbuliwa katika udongo wa chini ya mji, limechongwa neno beka, yaani nusu shekeli, ile ile ya Kutoka 38:26. Ni dogo kiasi kwamba ungelificha kiganjani, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Angalia Mungu anavyoimaliza amri hii. Anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Misri inahusianaje na mizani? Rudi Kutoka 5. Farao aliwanyima majani ya kutengenezea matofali, lakini hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Watu hao walijua uchungu wa kupimiwa na mtu asiye na haki, na mimi naona ndiyo sababu Mungu anaigusa Misri hapa.

JUMANNE. Kumbukumbu la Torati 25:13-15, Mithali 20:10

Musa anakataza kubeba mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia. Mfanyabiashara hasemi uongo wowote kwa mdomo, jiwe linamsemea.

Huku kwetu hakuna haja ya kueleza gorogoro. Ni ule mkebe wa kilo mbili ambao mafuta ya kupikia yakiisha unaanza kazi ya pili, kupima mahindi, maharagwe na omena. Wazee wa Nyanza waliita njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980 kwa jina hilo hilo, kwa sababu wakati huo nafaka ilinunuliwa kwa mkebe, si kwa gunia. Mizani ya dukani inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri, kwa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Mkebe una muhuri gani? Kwa hivyo wako wanaougonga kitako uingie ndani, wako wanaoukata ukingo, wako wanaotanguliza kitu chini halafu nafaka juu. Mteja anaona kilima kizuri kimesimama juu, anafurahi. Akifika nyumbani unga hautoshi watoto.

Tena msimu wa omena ukifungwa, Aprili hadi Julai, bei inapanda na mikebe nayo, sijui vipi, inapungua.

Dada mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani, anayeuza maharagwe, aliniuliza swali ambalo sikulijibu upesi. Alisema, "Mchungaji, wenzangu wote kwenye laini wamebonyeza. Mimi nikiweka gorogoro kamili, bei yangu lazima iwe juu. Mteja hapimi mkebe, anauliza bei tu. Watoto wangu watakula ukweli?"

Wapendwa, hapo si mahali pa kumwambia mtu "Mungu atafanya njia" kisha uende zako. Mungu hufanya njia, naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini Mithali haimwahidi mtu wa kipimo cha haki kwamba atauza kuliko jirani zake. Inamwambia jinsi Mungu anavyokiona kipimo chake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tukiyachanganya tunamfanya mtu maskini ajione hana imani kila siku biashara ikiwa mbaya.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Akanunua mkebe mzima, akauweka pale mbele karibu na ule wa zamani, akawa anamiminia mteja kutoka mmoja hadi mwingine ili aone tofauti mwenyewe. Wiki za kwanza alipoteza wateja, tena majirani wakamnunia kwa sababu aliwaanika. Wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi. Ushirika ukakubaliana kununua maharagwe kwake kwa muda huo. Hatukuiita sadaka, kwa sababu ni mboga tulizokuwa tunanunua mahali pengine.

JUMATANO. Amosi 8:4-7

Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, si mtoto wa nabii. Watu anaowakemea wanauliza mwezi mpya utaisha lini, Sabato itapita lini, ili wafungue ghala. Kwa hiyo Sabato walikuwa wanaishika! Walikuwa ibadani, wamekaa vizuri, macho yako kwenye saa. Akilini wanapanga kupunguza efa, kuongeza uzito wa shekeli, na kuuza makapi pamoja na ngano.

Ndugu zetu wanaokimbilia Kibuye baada ya ibada ya kwanza, sisemi nanyi kwa sababu ya kwenda Kibuye. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko lile na watoto wanahitaji karo. Amosi hajali unatoka ibadani saa ngapi, anachouliza ni utakachopimia ukifika huko.

ALHAMISI. Mithali 20:14, Yakobo 5:4, Kumbukumbu la Torati 24:14-15

Leo ni zamu yetu sisi wa Milimani. Wengi wetu hatuuzi kwa gorogoro, na mpaka hapa labda ulikuwa unasoma kwa raha ukimfikiria mtu wa sokoni.

Mithali 20:14 inamcheka mnunuzi. Anashika bidhaa, anasema ni mbaya, ni mbaya, akishaondoka anajisifu. Umeshawahi kumwona mtu ameshuka kwenye gari zuri pale Dunga, anabishana na mama juu ya ngege mmoja mpaka mama anakubali hasara kwa sababu samaki ataharibika jioni? Halafu nyumbani anasimulia jinsi alivyo mjanja. Kupatana bei si dhambi, soko ndivyo lilivyo. Lakini kutumia shida ya mwenzako kama jiwe la pili mfukoni, hilo Sulemani aliliona zamani.

Kipimo chetu kikubwa zaidi kiko ndani ya geti. Dada anayelea watoto wetu anatoka Nyalenda kabla ya jua, anarudi giza limeingia. Tulipatana naye kufua na kupika. Sasa anaosha gari, anaangalia kuku, na wageni wakija anabaki mpaka saa tatu usiku. Mshahara haujasogea. Huo ni mkebe uliobonyezwa, ila tumeubonyeza upande wetu, tunapimiwa zaidi na kulipa kile kile. Sheria ya Kenya inamhesabu mfanyakazi wa nyumbani na mlinzi katika kima cha chini cha mshahara, na Kisumu imewekwa pamoja na Nairobi na Mombasa kwenye kundi la juu. Biblia inakwenda mbali zaidi ya kima. Kumbukumbu la Torati inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, maana anautegemea huo ujira. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika kwa Bwana. Sasa mwezi umeisha tarehe 30, wewe unamwambia ngoja tarehe 10, na M-Pesa yako ina pesa. Hapo omba toba kwanza kabla ya kuombea kibali.

IJUMAA. Luka 6:36-38

Mstari wa 38 tunaujua kwa moyo, kwa sababu husomwa wakati wa sadaka. Hakuna ubaya. Lakini soma kuanzia 36: habari ni ya rehema, kutohukumu na kusamehe. Yesu anamchora muuzaji mkarimu wa nafaka. Anashindilia, anautikisa mkebe nafaka ikae, anajaza tena mpaka inamwagika kwenye leso ya mteja. Mama yeyote wa Kisumu anayesema "niongeze" anaijua picha hiyo. Ndivyo Mungu anavyotaka tumpimie aliyetukosea.

JUMAMOSI. Luka 19:1-10, pamoja na Hesabu 5:7 na Kutoka 22:1

Zakayo. (Jina hili siku hizi limekuwa la siasa, tuliache huko, turudi Yeriko.) Torati ilimtaka anayeungama mwenyewe arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo. Zakayo akajipimia kwa kipimo cha mwizi, na hakuna aliyemlazimisha.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937 ulijulikana kwa jambo hili. Watu waliokoka wakarudisha: vyombo kwa waajiri, pesa kwa wenye duka, mifugo kwa jirani. Ushuhuda uliambatana na kitu mkononi.

Utauliza, na wale nisiowajua, niliowapunja miaka kumi? Zakayo naye hakuwa na orodha ya wote. Nusu ya mali alitoa kwa maskini, wale aliowajua akawarudishia. Anza na mmoja unayemjua jina. Kama ni mshahara wa mtu, piga hesabu leo jioni, mwandikie kwenye karatasi, umlipe. Usimwite "baraka". Mwambie ni deni.

Wiki ijayo tunaingia Ruthu 2, usome mapema. Utamkuta mwanamke mgeni ameokota masazo shambani tangu asubuhi, na mwenye shamba amewaambia vijana wake wamwachie mashuke makusudi. Jioni alipopura na kupima, ilikuwa kama efa moja ya shayiri. Debe na kidogo.