Habari ya Uumbaji Katika Darasa la Sayansi

Tumeulizwa: je, yajuzu kwa sharia ya Kenya mwalimu wa skuli ya serikali kusomesha habari ya uumbaji katika somo la sayansi?

Mtaala wa 8-4-4 wenyewe uliutaja uumbaji katika Biolojia ya Kidato cha Nne, kando ya nadharia ya mageuko. Marekani sivyo: mwaka 1987 Mahakama Kuu yao ilibatilisha sharia ya Louisiana iliyotaka kila yanaposomeshwa mageuko, uumbaji nao usomeshwe.

Wengi wetu hufurahi kusikia hayo ya Kenya. Lakini ewe ndugu, itazame Osiri, huko Migori kwenye machimbo ya dhahabu, ambako Waislamu ni wachache. Mwalimu wa huko, aghalabu Mkristo, ataeleza uumbaji upi? Atasema, tena kwa nia njema, kuwa Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Nasi twajua kuwa Sura Qaf imekanusha Mola wetu kuguswa na uchovu. Mtoto wetu ataandika la mwalimu, kwani ndilo lenye maksi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 8, imesema hakuna dini ya serikali. Na cha 32 kimempa kila mtu uhuru wa dini yake. Basi rai yetu ni kuwa uumbaji usomeshwe katika somo la dini, na fuvu lililofukuliwa kisiwani Rusinga mwaka 1948 aachiwe mwalimu wa sayansi. Na skuli isiyo na mwalimu wa dini yetu, hilo ndilo la kuiendea serikali.