Laini ya Peke Yako

Muhula uliopita nilimsindikiza mama benki kulipa karo. Tulipanga foleni tangu saa tatu asubuhi. Saa nne hivi karani akatangaza, "Poleni, laini imekatika." Tulingoja wee, mpaka saa tisa tukarudi nyumbani bila risiti, nami nikakosa siku mbili za masomo. Njiani mama aliuliza, "Kwani hawa si wana laini yao wenyewe?" Swali hilo lilinifanya nichunguze.

Intaneti ya nyumbani ni kama mfereji wa ploti. Wapangaji wote wakifungua maji asubuhi, kila mmoja hupata matone. Kampuni kubwa hukwepa shida hiyo kwa kukodi laini maalumu. Hii huunganisha ofisi mbili tu, tuseme makao makuu ya Nairobi na tawi la Mombasa. Hakuna jirani wa kugawana naye. Wakikubaliana megabiti 100 kwa sekunde, ni hizo hizo kwenda na kurudi, usiku na mchana.

Zamani laini hizo zilikuwa za waya wa shaba, na nyingine zilibeba kilobiti 64 tu kwa sekunde. Siku hizi nyingi ni za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ujumbe hufika Mombasa kabla hujapepesa jicho!

Hata hivyo, laini ya peke yako hukatika pia. Wachimba barabara huikata kwa tingatinga. Baharini nako, Februari 2012, nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa. Hata mkataba ukiahidi asilimia 99.9, hebu tupige hesabu: mwaka una saa 8,760, kwa hivyo karibu saa 9 zinaruhusiwa kupotea. Je, zikiangukia siku ya kulipa karo?

Dawa ni kuwa na laini ya pili inayopita njia tofauti. Mbili zikilazwa katika mtaro mmoja, tingatinga moja litazimaliza zote.

Basi wenzangu, kesho mkiwa mameneja, msiulize kasi na bei pekee. Ulizeni pia, "Hii ikikatika, tutapitia wapi?" Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.