Redio ya Ridhaa: Shule ya Kusikilizana Kando ya Ziwa



Katika somo hili tunatazama burudani ambayo wengi huku kwetu hawajapata kuijua: redio ya ridhaa. Kanuni zake zinafundisha jambo ambalo Makobola, na vijiji vyote vya barabara ya Uvira hadi Baraka, vinalihitaji sana: namna ya kuzungumza na mtu usiyemwona uso, bila kumtukana wala kumdanganya.

Redio ya ridhaa ni nini?

Ni watu wa kawaida, walimu, mafundi, wanafunzi, wazee waliostaafu, ambao wamepewa ruhusa na serikali ya nchi yao kusema hewani kwa mitambo yao wenyewe. Hawalipwi na hawafanyi biashara kwa redio hiyo. Wanaipenda kazi yenyewe: kufunga waya, kuita, na kusikia sauti ya mtu wa mbali ikijibu. Umoja wao wa kimataifa uliundwa Paris tarehe 18 Aprili 1925, na tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka.

Tusiichanganye na redio ya matangazo kama Radio Okapi, ambapo mmoja husema na maelfu husikiliza. Inafanana zaidi na foni, ile redio ya mawasiliano ambayo parokia, hospitali na wafanyabiashara wa Kivu waliitumia kabla simu za mkononi hazijaenea.

Inavyofanya kazi penye milima na ziwa

Redio ndogo za mkononi hurusha mawimbi yanayokwenda karibu moja kwa moja. Juu ya maji ya Tanganyika hufika vizuri, lakini milima ya Itombwe huyazuia. Mawimbi mafupi ni tofauti. Hupanda angani, hugonga tabaka la juu, kisha hurudi ardhini. Antena ya masafa ya megahezi 7 ni waya wa mita 20 hivi, mita 10 kila upande. Ukitundikwa chini chini, sauti hupanda juu na kushuka katika eneo la karibu, hata ng'ambo ya mlima.

Mtambo wa wati 100 hutumia betri ya volti 12, kama ya gari, inayochajiwa kwa paneli ya sola. Ukisema, huvuta ampea 20 hivi. Ukisikiliza, ampea 1 au 2 tu. Asemaye sana humaliza betri upesi.

Kanuni nne zenye mafunzo ya amani

1. Jitambulishe. Kila kituo kina alama yake. Za Kongo huanza na 9Q, za Burundi 9U, za Tanzania 5H. Asiyetaja alama yake hajibiwi. Uvumi ni kinyume chake: hauna mwenyewe. Tunasikia «wamesema wanakuja usiku», na hakuna ajuaye nani amesema. Kijiji kizima hukimbia, au vijana huchukua mapanga.

2. Sema wazi. Kanuni za kimataifa zinakataza wanaredio hao kuficha maana ya maneno yao kwa mafumbo. Kila neno linaweza kusikiwa na yeyote, hata na yule unayemwogopa.

3. Sikiliza kwanza. Kabla ya kuita, hakikisha hakuna anayezungumza. Mmoja akisema, wengine hungoja. Palipo na wengi, msimamizi hugawa zamu.

4. Mwenye shida hupewa njia. Wito wa hatari ukisikika, mazungumzo yote hukoma.

Mifano miwili

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi makubwa ya bahari yalipopiga visiwa vya Andaman vya India, simu zilikatika. Kikundi cha wanaredio wa ridhaa kilichoongozwa na mama mmoja, Bharathi Prasad, kilikuwa tayari huko kwa ajili ya burudani yao. Waliacha burudani wakaanza kupeleka habari za waliosalimika kwa jamaa zao bara. Waliweza kwa sababu walikuwa wamezoeana na wenzao wa mbali kabla ya msiba.

Mfano wa pili ni onyo. Nchini Rwanda, mwaka 1993 na 1994, redio ya RTLM ilitumiwa kuchochea mauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Chombo ni kilekile. Moyo wa anayekishika ndio unaotofautisha.

Hapa Makobola hatuhitaji kuelezwa chuki inafika wapi. Mauaji ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 bado yako katika familia nyingi.

Tuanzie wapi?

Tunaomba jambo moja lieleweke vizuri. Msinunue wala kuwasha mtambo wa kurushia sauti bila kibali. Nchini Kongo masafa yako chini ya mamlaka ya ARPTC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Penye vita, waya juu ya paa unaweza kumfanya baba wa familia aitwe mpelelezi, na kosa hilo linaweza kugharimu maisha. Kwa hiyo anzeni na yasiyo na hatari:

– Undeni kikundi cha kusikiliza. Redio ndogo ya kupokea inatosha. Wawemo wenyeji na wakimbizi, wanawake na vijana, Wabembe, Wavira, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengine. Mjulisheni chifu.

– Wekeni daftari. Andikeni saa, kituo na habari iliyosikika. Uvumi ukija, ulizeni: nani ameona, wapi, lini? Msiupitishe kabla ya kupata majibu.

– Fanyeni zoezi la duara. Kila mtu hujitaja jina, husema kwa dakika moja, kisha husema «nimemaliza». Anayefuata hurudia kwanza alichosikia, ndipo aseme lake. Mtashangaa jinsi tunavyosikia vibaya maneno ya wenzetu.

– Kubalianeni yasiyosemwa hadharani: mienendo ya askari wa upande wowote, na mahali alipo mtoto aliyepotezana na wazazi. Habari za jamaa waliopotea zipelekwe kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi hiyo.

Kikundi kikidumu na amani ikiruhusu, viongozi wanaweza kuuliza kuhusu kibali na mafunzo. Wanaredio wa ridhaa humaliza mazungumzo kwa namba 73, maana yake salamu njema. Humpa salamu hiyo hata mtu wa nchi ambayo nchi yao inagombana nayo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni uvumi gani uliowahi kutukimbiza bure? Ulianza kwa nani?
2. Katika mikutano yetu, nani husema sana na nani hapewi zamu?
3. Ni jirani gani wa kabila lingine tungeweza kumwita tusikilize redio pamoja juma hili?

Tunawatakia usikivu na amani.