Amina, Imani, Amana: Maneno ya Herufi Zilezile

Tumsifu Yesu Kristo! Msomaji uliyejibu "Milele amina" umekwisha kuanza somo la leo, maana tunataka kulitazama neno hilo la mwisho na ndugu zake.

Tuandike kwenye mstari mmoja: amina, imani, amini, mwamini, uaminifu, amana, amani. Ondoa irabu na viambishi vya Kiswahili, zinabaki m na n, na mbele yake sauti ambayo Kiarabu huiandika kwa alifu. Alifu, mimu, nuni: herufi tatu, ukoo mmoja. Kwa alfabeti yetu ya sasa undugu huo hauonekani vizuri, kwa kuwa irabu zimesimama sawa na konsonanti. Wazee wa pwani waliuona kwa macho. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo zimetunzwa Goa, India. Katika mwandiko huo irabu fupi ni vialama tu juu au chini ya herufi, na Kiarabu mara nyingi huviacha kabisa.

Neno amina lenyewe limetoka mbali zaidi. Ni la Kiebrania, lugha iliyo dada wa Kiarabu, na maana ya msingi ya herufi hizo huko ni uimara: kitu kisichotikisika, unachoweza kukiegemea. Katika Isaya 7:9 nabii anazitumia mara mbili katika sentensi moja, kwanza kwa kuamini, kisha kwa kusimama imara. Tafsiri nyingi hupoteza mchezo huo wa maneno. Lakini Kiswahili nacho kina utajiri wake. Paulo anamwambia Timotheo ailinde amana (1 Tim 6:20), na Kanisa huita mafundisho yaliyopokelewa kwa Mitume "amana ya imani". Kilatini husema depositum fidei, maneno mawili yasiyohusiana kwa sauti. Kwetu ni ndugu. Amana ni mali ya mwenzio uliyowekewa, nawe huna ruhusa ya kuila wala kuibadilisha, atakapoirudia aikute. Anayeijua amana hahitaji maelezo marefu kwa nini katekista hawezi kujiongezea fundisho lake.

Sasa tuje kwenye Misa. Kanuni ya Imani yetu Wakatoliki haianzi kwa "naamini" bali kwa "nasadiki". Hapo kuna ukoo wa pili: sadi, dali, qafu, ambao maana yake ni ukweli. Humo zimo sadiki na sadaka. Kwa Kiarabu sadaka ni kile unachompa maskini, na jina lake linatokana na ukweli: mkono unaonyesha kama mdomo ulisema kweli. Sisi tumelipanua neno hilo hadi kuiita Misa yenyewe Sadaka. Basi kila Jumapili tunasadiki, tunafunga kwa amina, tunafanya maombi ya waamini, halafu tunatoa sadaka. Koo mbili zinapokezana, na wengi wetu tunadhani sadaka ni kipindi cha kutafuta noti mfukoni.

Koo hizo zinakutana katika mstari mmoja wa Biblia ya Kiebrania, Mwanzo 15:6. Abramu aliamini (alefu, mem, nun), akahesabiwa haki. Na neno la "haki" pale ni tsedaka, ndugu wa sadaka yetu. Jina la Melkisedeki, katika sura iliyotangulia, limebeba herufi hizohizo.

Hapa inafaa tahadhari, hasa kwa sisi tunaojiandaa kuhubiri. Herufi kufanana si lazima undugu. Zamani na thamani zote zimebeba "amani" tumboni, na tumesikia mahubiri yaliyojengwa juu ya hilo. Ni bahati tu: moja ni z-m-n, nyingine th-m-n. Dhamana inadanganya zaidi, kwa sababu inafanana na amana kwa sauti na inakaribiana nayo kwa maana, lakini mzizi wake ni mwingine. Na sanduku la sadaka? Sanduku lina sadi, dali na qafu, lakini lina nuni katikati. Si ndugu, ni mpangaji. Aristotle angesema tusichanganye sifa ya nje na kiini. Kilwa na Lindi sababu ni ya karibu zaidi: jirani Mwislamu aliyepita madrasa anazijua herufi hizi kuliko mhubiri, na akisikia uongo mdogo kwenye kipaza sauti ana haki ya kutilia shaka na mengine.

Isitoshe, maneno haya tumeyapokea kupitia kwake. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, wakiwa na watawa Wafransisko, wakaondoka 1512. Kireno kilituachia meza na leso, na neno lao la kanisa, igreja, ndilo wataalamu wengi wanaloliona katika neno gereza, jina la ngome iliyopo Kilwa Kisiwani hadi leo. Imani, sadaka na amina hatukuzipata kwao.

Zoezi la toleo lijalo: hukumu, hakimu, mahakama, hekima, haki, hakika. Yapangeni kwa koo. Je, hakimu ni ndugu wa haki? Kiarabu kina k mbili, kafu na qafu; anzeni hapo.