Vipeo: Waache Waandike kwa Kirefu Kwanza

Mwalimu, usiianze mada ya vipeo kwa 2². Mfano huo ni mwepesi, lakini unaficha kosa unalopaswa kulikamata siku ya kwanza. Mwanafunzi anayezidisha namba ya chini kwa namba ndogo ya juu anapata 4, na anayeelewa anachofanya naye anapata 4. Wote wanapewa vema, na kosa linavuka salama hadi kwenye mtihani. Anza na 5³. Hapo aliyezidisha 5 kwa 3 atakuja na 15, aliyeelewa atakuja na 125, nawe utajua mara moja uko na nani. Uepuke pia kuweka 2⁴ na 4² kwenye zoezi moja la mwanzo. Zote ni 16, na kuna watakaoamua kwamba namba ya chini na kipeo hubadilishana nafasi bila madhara. Wape 2³ na 3²: moja ni 8, nyingine ni 9, na ubishi unakwisha.

Angalia na unavyotamka. Ukisema "5 ijizidishe mara tatu," baadhi yao watahesabu alama tatu za kuzidisha na kuandika tano nne. Sema badala yake: "andika tano tatu, kisha uzizidishe." Kipeo kinahesabu hizo tano, alama za kuzidisha ni mbili tu.

Somo lenyewe nalifungulia kwa karatasi. Kila jozi ya wanafunzi ichane karatasi moja ya daftari na kuikunja katikati, kisha tena, kisha tena, huku wakijaza jedwali la safu mbili: idadi ya mikunjo na idadi ya matabaka. Kabla ya kukunja tabaka ni 1. Mkunjo mmoja, 2. Miwili, 4. Mitatu, 8. Ikifika sita au saba karatasi inagoma, na darasa linakuwa limechangamka. Wakikuuliza kama kuna aliyewahi kupita hapo, waambie habari za Britney Gallivan, mwanafunzi wa sekondari huko California, ambaye mwaka 2002 alitumia karatasi ndefu ya chooni akafikisha mikunjo 12, yaani matabaka 4,096. Kisha waache wakisie. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa karibu sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni kama milimita 0.1. Mikunjo 10 ingeleta unene wa sentimita 10 hivi. Mikunjo 42, kama ingewezekana, ingezidi kilomita 439,000, na mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Hawataamini mpaka wakokotoe wenyewe, na ndivyo unavyotaka.

Usilifute jedwali hilo. Mstari wake wa kwanza, mikunjo 0 na tabaka 1, umekwisha kusema kwamba 2⁰ ni 1, hata kabla hujaitaja kanuni.

Zikija kanuni zenyewe, ushauri wangu ni mmoja: usiziandike ubaoni. Andika 5³ × 5⁴ na uwatake waifungue yote: (5 × 5 × 5) × (5 × 5 × 5 × 5). Wahesabu tano. Ziko saba, basi jibu ni 5⁷. Wafanye hivyo kwa mifano mitano au sita, halafu mmoja wao aseme kwa maneno yake njia ya mkato ni ipi. Atasema vipeo vinajumlishwa. Hapo ndipo unapoandika kanuni, tena unaiandika kama yake. Kugawanya kufuate njia hiyo hiyo, wakikata zinazofanana juu na chini. Mwanafunzi aliyefika huko mwenyewe, akiisahau kanuni katikati ya mtihani, anafungua kwa kirefu na kuipata tena. Aliyekariri akisahau hana pa kurudi.

Kosa sugu hapa ni kuzidisha na zile namba za chini, mtu akaandika 2³ × 2⁴ = 4⁷. Usimkaripie, mwambie afungue na kuhesabu. Pia mpe 2³ × 5⁴ aone kwamba tano na mbili haziwezi kuhesabiwa pamoja.

Tega mtego wa kujumlisha mapema, kabla hawajatumbukia humo wenyewe. Uliza 2³ + 2⁴ ni ngapi. Watakaojibu 2⁷ wanasema 128, ilhali 8 na 16 ni 24. Baada ya hapo wape kitamu: 2³ + 2³. Mwenye akili ya kukariri atasema haiwezekani kufupishwa, kwa kuwa umeshamwonya. Lakini nane mbili ni 16, yaani 2⁴. Na 3³ + 3³ + 3³? Swali hilo moja linanieleza zaidi kuhusu darasa kuliko zoezi la maswali arobaini.

Kwa kipeo juu ya kipeo, natumia bakteria. Aina ya E. coli, ikipata mazingira mazuri, inaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa saa moja ni mara 2³, na kwa saa sita ni (2³)⁶. Maradufu ziko ngapi kwa saa sita? Tatu kila saa, jumla 18. Kwa hiyo ni 2¹⁸, na bakteria mmoja amekuwa 262,144. Mwanafunzi aliyewahi kula wali uliolala bila kuhifadhiwa vizuri hahitaji maelezo marefu.

Vipeo hasi vinataka utulivu. Shuka ngazi ubaoni: 3⁴ ni 81, 3³ ni 27, 3² ni 9, 3¹ ni 3. Kila hatua umegawanya kwa 3. Endelea: 3⁰ ni 1, 3⁻¹ ni 1/3, 3⁻² ni 1/9. Kisha uthibitishe kwa njia ya pili, 3² ÷ 3⁴, wakikata juu na chini mpaka ibaki 1/9. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, shaka inapungua. Sisitiza kwamba jibu halikuwa hasi hata mara moja; limekuwa dogo tu. Anayeandika 2⁻³ = −8 amechanganya hayo mawili. Na unapotaja kipeo cha sifuri, ongeza kila mara kwamba namba ya chini isiwe sifuri yenyewe.

Mabano nayo yana fitina zake. (−3)² ni 9, lakini −3² ni −9, kwa sababu kipeo kimekaa juu ya 3 peke yake. Hata mashine hazielewani: ukiandika =-3^2 kwenye Excel utapewa 9. Ndiyo maana nasisitiza mabano yaandikwe hata pale yanapoonekana ni ya ziada. Vivyo hivyo (2x)³ ni 8x³, na dawa yake ni ile ile ya kufungua.

Vipeo vya sehemu havihitaji siku nzima. Uliza: namba gani ikizidishwa kwa nafsi yake inatoa 9¹, ikiwa nusu na nusu ni moja? Ni 3, basi kipeo cha nusu ni kipeuo cha pili.

Vijana wa sekondari watakuuliza haya yote yana faida gani. Wajibu kwa mkopo. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni, na mwaka mzima hajalipa. Wengi watakisia 220,000. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.1, hivyo baada ya miezi 12 ni 100,000 × 1.1¹², karibu shilingi 313,843. Katika nyumba nyingi mikopo ya "kausha damu" si habari ya vitabuni, na hesabu hii wataifikisha kwa wazazi.

Kabla ya kuingia logi, toa bila kutangaza maswali manne: 7⁰, 2⁻³, −5², na 4³ + 4³ + 4³ + 4³. Usisahihishe jibu peke yake. Dai sababu kwa sentensi moja. Darasa likikwama, rudi kwenye kufungua kwa kirefu kwa kipindi kizima hata kama ratiba inakubana, kwa sababu logi ni vipeo hivi hivi vikiulizwa kwa upande wa pili, na asiyevijua leo atakukwamisha huko.