Daudi Mbele ya Sanduku la Bwana

Tunapokumbuka jinsi Daudi alivyocheza mbele za Bwana (2 Sam 6), mara nyingi tunasahau kwamba furaha ile ilitanguliwa na kifo. Uza alilishika Sanduku akafa papo hapo. Daudi akaogopa, akaliacha miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Basi aliyecheza baadaye hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa amekwisha kumwogopa Mungu, na hofu hiyo haikumwachia nafasi ya kuwaogopa watu. Tena hakujifanyia apendavyo: wabebaji walipokwenda hatua sita alitoa sadaka, naye alivaa efodi ya kitani, vazi la ibada.

Kanisa nalo haliuonei aibu mwili unaoabudu. Mwaka 1988 liliidhinisha Misale ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, ambamo wakati wa Utukufu padre na watumishi huizunguka altare wakicheza.

Mikali yeye alikuwa dirishani. Dirisha lile mara nyingi limo ndani yetu: tunaimba huku tukijisikiliza, tunataka kupiga magoti, kwanza tunaangalia nani yuko nyuma. Mwili uko kwenye maandamano, jicho limebaki juu likitukagua. (Anayecheza kwa madaha wakati wa vipaji ili kamera imwone, naye yuko dirishani vilevile.) Daudi alipolaumiwa nyumbani hakujitetea kwamba amecheza vizuri. Alisema yuko tayari kujishusha kuliko hapo.