Mto Upitao Mjini

Mkulima aliyegawiwa shamba lenye kijito hufundishwa mapema kwamba asilime mpaka ukingoni. Mtu wa mjini hafundishwi jambo hilo na mtu ye yote. Lakini miji imetufuata mashambani. Ol Kalou na Engineer ni miji iliyokua katikati ya mashamba ya skimu, na penye maduka na karakana, kijito cha karibu hugeuka jaa. Basi somo letu ni namna wenyeji wanavyoweza kukaa pamoja na kuutengeneza mto wa mji wao.

Tutazame Mto Nairobi. Waanza katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, wapita katikati ya jiji, waingia Mto Athi, na maji yake hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Jina la Nairobi latoka katika Kimasai, na maana yake ni maji baridi. Siku hizi mto huo hupokea maji ya vyoo, mafuta ya karakana na taka za masoko, na huko chini wako wakulima wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji hayo hayo.

Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Huko Mathare maji yaliingia nyumba zilizojengwa ukingoni kabisa, na baadaye Serikali iliamuru watu wahame, nyumba nyingi zikabomolewa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikuwa zimekwisha kuandika kwamba mtu asilime wala asijenge karibu na mto, kwa kipimo cha upana wa mto wenyewe, kisipungue mita 6 wala kisizidi mita 30. Kanuni ilikuwako, na watu walikuwako pia. Mimi naona mpango usiosema watu hao watakwenda wapi ni nusu ya mpango, hata ukiwa na miti mizuri namna gani.

Kazi nyingine ilianzia kwa wenyeji. Kibera, tangu mwaka 2006, wakazi walishirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative. Hawakuletewa ramani iliyokwisha chorwa. Waliulizwa kwanza wanataka nini, nao wakataja maji safi, vyoo, mahali pa kufulia na pa watoto kuchezea. Ukingo ulizuiwa kwa vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ndipo yakajengwa yale waliyoyataka. Ada ndogo ya maji na vyoo husaidia kulipia utunzaji. Hapo ndipo penye siri ya kazi, maana kusafisha mto ni kazi ya siku moja, bali kuutunza ni kazi ya kila juma. Korogocho nako vijana walisafisha jaa la ukingoni, wakapanda miti na kufanya bustani ya watu wote.

Sasa tufanye hivyo kwetu. Kwanza mtembee kando ya kijito, kutoka juu ya mji mpaka chini yake, wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua. Wazee waonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa, nanyi mpige vigingi hapo. Akina mama waonyeshe wanapoteka maji. Mwenye karakana na mwenye kichinjio waitwe pia, kwa kuwa wakiachwa nje watamwaga usiku. Ramani si lazima ichorwe na fundi. Majivu na vijiti juu ya ardhi vyatosha siku ya kwanza, kisha mwalimu mmoja ainakili katika karatasi.

Panapo mibulugamu ukingoni, jueni kwamba yanywa maji mengi. Mianzi, miti ya kienyeji na majani ya nepia hushika udongo vizuri zaidi, na nepia huwapa ng'ombe chakula. Lakini mwenye kukata nepia asifyeke yote kwa mara moja na kuacha udongo uchi.

Msisahau majirani wa juu. Mji ukisafisha kijito chake, na huko juu watu wanalima mteremko bila matuta, tope litarudi mvua ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya baraza mtafuteni chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu, ambacho hukusanya watu wa juu na wa chini pamoja. Mpelekee katibu wake ramani yenu mwezi wa Januari, mapatano yafanywe Februari na mashimo ya miche yachimbwe mwezi huo huo, ili mvua za Machi zikute kila kitu tayari.